Alama ya X, kitabu cha nyumba na usiku wa mbwa kulia: Thailand inavyopiga kura

Mgeni aliyetua Bangkok Jumamosi ya Mei 13, 2023, akaoga, kisha akashuka kutafuta bia baridi baada ya saa 12 jioni, alikuta majokofu ya madukani yamefunikwa na wahudumu wa baa wakitikisa vichwa. Jumamosi iliyotangulia, Mei 6, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Wageni wengi hudhani ni sikukuu ya Kibuddha, kwa kuwa siku kubwa za dini nazo huwa na marufuku ya pombe. Safari hii dini haikuhusika. Ulikuwa uchaguzi.

Marufuku ya pombe ndiyo inayosikika sana nje ya nchi, lakini ni tone tu. Kuna sheria ya namna ya kuchora alama, ya simu ndani ya kituo, ya gari la kubeba wapiga kura, hata ya bahasha ya rambirambi msibani. Ukizitazama kwa mbali zinafanana na ukali wa bure. Ukizitazama moja moja, utagundua karibu kila moja ni kufuli lililofungwa baada ya mwizi kupita. Tatizo ni kwamba anayehangaika na ufunguo kila siku ni mwenye nyumba.

Tuanze na maneno matatu, maana bila hayo mengine hayataeleweka.

La kwanza ni Baraza la Wawakilishi, yaani bunge lenyewe la kutunga sheria. Lina viti 500. Viti 400 ni vya majimbo, mbunge mmoja kila jimbo, na anayeongoza kwa kura ndiye mshindi. La pili ni orodha ya chama. Viti 100 vilivyobaki hugawiwa vyama kulingana na kura ambazo kila chama kimepata nchi nzima. Kwa Mtanzania, mfano wa karibu ni viti maalumu, navyo hugawiwa kwa uwiano. Tofauti ni kwamba Thailand hakuna sharti la jinsia, na mpiga kura ana karatasi yake ya kuvipigia. Mwaka 2023 kura halali za orodha zilikuwa zaidi ya milioni 37, kwa hiyo kiti kimoja kiligharimu kura 375,000 hivi.

La tatu ndilo linaloamua maisha ya mpiga kura wa kawaida: *thabian ban*, kitabu cha nyumba.

Hakuna kujiandikisha, lakini kuna kitabu

Mtanzania huenda kujiandikisha kwenye Daftari la Kudumu. Mkenya hupanga foleni ya IEBC. Mthailand hafanyi lolote. Kila nyumba nchini ina namba na kitabu chake chenye jalada la buluu, na kila raia ameandikwa katika nyumba fulani. Mtoto akizaliwa huingizwa humo. Mtu akihama, jina huhamishwa kwenye ofisi ya wilaya. Uchaguzi ukifika, serikali huchota majina kutoka kwenye kumbukumbu hizo: kila raia atakayekuwa ametimiza miaka 18 siku ya kura, na ambaye jina lake limekaa katika jimbo hilo siku 90 au zaidi.

Linasikika jambo zuri, na kwa sehemu kubwa ni zuri. Hakuna anayekosa kura kwa sababu mashine ya alama za vidole ilikwama siku ya kuandikisha. Kasoro ni kwamba kitabu kinafuata karatasi na maisha yanafuata kazi. Chukua kijana wa Ubon Ratchathani, huko Isan, kaskazini-mashariki mwa nchi, anayefanya kazi kiwandani Samut Prakan karibu na Bangkok. Amepanga chumba miaka 10, ila jina lake bado liko kwenye kitabu cha mama yake. Mwenye nyumba hapendi kuandika wapangaji kwenye kitabu chake, na kijana mwenyewe hajaona sababu ya kuhama. Kura yake iko Ubon, kilomita 600 hivi kutoka alipolala. Ndiyo maana wikiendi ya uchaguzi stendi ya mabasi ya Mo Chit, jijini Bangkok, hujaa kama wakati wa sikukuu.

Kitabu hicho pia huleta wageni wasioalikwa. Mwenye nyumba hupelekewa barua yenye majina ya wapiga kura wote walioandikwa kwenye anwani yake. Wengi huiweka juu ya friji bila kuisoma. Barua hiyo ina kazi: ikiwa na jina la mtu usiyemjua, huenda kuna aliyehamishiwa nyumbani kwako ili apige kura katika jimbo lako. Unatakiwa kuomba afutwe, na kama jina lako ndilo limeachwa, kuomba uingizwe, angalau siku 10 kabla ya kura. Siku yenyewe ya kura hakuna wa kukusaidia.

Kwa chaguzi za mitaa, kufuli limekazwa zaidi. Siku 90 zinakuwa mwaka mzima, na hakuna kupiga kura mapema wala nje ya eneo lako. Februari 1, 2025, uchaguzi wa halmashauri za mikoa ulifanyika Jumamosi badala ya Jumapili, na malalamiko yalikuwa mengi, kwa sababu viwanda vingi hufanya kazi Jumamosi na kijana wetu wa Samut Prakan hakuwa na njia nyingine zaidi ya kuomba ruhusa na kupanda basi.

Kura ya mapema na bahasha yake

Katika uchaguzi wa wabunge njia nyingine ipo. Anayeishi mbali na kitabu chake anaweza kuomba kupiga kura wiki moja kabla, kwenye kituo kilicho karibu na anapoishi. Mwaka 2023 siku hiyo ilikuwa Mei 7, na walioomba walizidi milioni 2. Maombi yalifungwa Aprili 9, na siku ile ya mwisho tovuti ya kuombea ilielemewa, watu wakabaki wanatazama ukurasa usiofunguka.

Utaratibu wenyewe ni huu. Unaonyesha kitambulisho, unapewa karatasi za kura na bahasha. Unapiga kura, unakunja, unatia ndani ya bahasha na kuirudisha kwa ofisa. Bahasha hufungwa na kusainiwa, kisha posta huisafirisha hadi jimbo la nyumbani, na huhesabiwa huko wiki inayofuata pamoja na kura nyingine.

Penye safari ndefu pana kupotea. Juu ya bahasha ofisa huandika jimbo inakokwenda na namba yake ya utambulisho, kwa mkono. Mei 7, 2023, vituo kadhaa viliripotiwa kuandika namba isiyo sahihi au kutoandika kabisa, na kwa siku kadhaa mitandao ilijaa picha za bahasha. Mwaka 2019 lilitokea kubwa zaidi: kura 1,542 za Wathailand waishio New Zealand zilifika Bangkok kabla uchaguzi haujafungwa, lakini hazikusambazwa majimboni kwa wakati. Hazikuhesabiwa hata moja. Kwa hiyo ushauri ambao wapiga kura hupeana ni mfupi: kabla ya kuachia bahasha, soma kilichoandikwa juu yake.

Jambo jingine huwaumiza watu kila mara. Ukishaomba kura ya mapema usipotokea siku hiyo, huwezi kubadili mawazo na kwenda nyumbani kupiga siku ya uchaguzi. Jina lako limeshaondolewa upande ule.

Ndani ya kituo

Vituo hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Vingi viko shuleni, kwenye hema kando ya barabara au katika viwanja vya mahekalu. Hapo kwenye mahekalu pana kichekesho kidogo: watawa wanaoishi humo, pamoja na wanafunzi wao walionyolewa, hawaruhusiwi na katiba kupiga kura. Wanatazama tu foleni ikipita mbele ya vyumba vyao.

Kwanza unatafuta jina lako kwenye ubao ulioko nje na kukariri namba ya mstari wako. Kisha unatoa kitambulisho, na kilichokwisha muda kinakubalika, jambo ambalo wengi hawalijui na hurudi nyumbani bure. Ofisa husoma jina lako kwa sauti ili mawakala wa vyama wasikie. Unasaini, unapewa karatasi zako, unaingia kwenye kibanda. Wino wa kidoleni haupo.

Karatasi ni mbili. Mkenya aliyezoea karatasi sita za rangi sita atacheka kwa urahisi huo, lakini mwaka 2023 karatasi hizo mbili zilileta mkanganyiko mkubwa. Ya kijani, ya chama, ilikuwa na namba, nembo na jina la kila chama, vyote 67. Ya zambarau, ya mbunge wa jimbo, ilikuwa na namba na visanduku basi. Hakuna jina, hakuna picha, hakuna chama.

Na namba hazikulingana. Chama cha Move Forward kilikuwa namba 31 kwenye karatasi ya kijani nchi nzima, Pheu Thai 29. Lakini namba ya mgombea wa jimbo ilipatikana kwa kura ya bahati siku ya kurudisha fomu, jimbo kwa jimbo. Mgombea wa chama kile kile angeweza kuwa 4 hapa na 9 ng'ambo ya barabara. Mwaka 2011 haikuwa hivyo: Pheu Thai ilikuwa namba 1 kila mahali na mambo yakaishia hapo. Sasa mpiga kura alilazimika kuingia na namba mbili kichwani, moja ya taifa na moja ya mtaa, na asizibadilishane. Waliozibadilishana hawakuwa wachache. Chama kidogo kilichoitwa tu "Kipya", ambacho wengi hawakuwa wamewahi kukisikia, kilipata karibu kura 250,000 na kiti kimoja bungeni. Namba yake kwenye karatasi ya kijani ilikuwa 1. Sidhani kama kuna haja ya kutafuta maelezo marefu: wagombea wengi wa majimboni walikuwa namba 1, na wafuasi wao waliandika moja mara mbili.

Halafu alama. Tanzania hufundishwa kuweka vema. Thailand vema inaharibu kura. Kinachotakiwa ni mistari miwili inayokatana, X, ndani ya kisanduku kimoja. Vema, duara, nyota, moyo, X mbili, X iliyo nje ya kisanduku, au maneno yoyote pembeni, hata ya kumsifia mgombea: kura imeharibika. Sababu ya ukali huu ni ya zamani na ina mantiki. Kama alama za aina nyingi zingekubaliwa, mnunuzi wa kura angemwagiza mtu achore moyo mdogo kwenye kona, kisha wakala wake ahesabu mioyo wakati wa kuhesabu. X moja tupu haina sahihi ya mtu.

Chini kabisa ya karatasi kuna kisanduku cha "sichagui yeyote", na hapa watu huchanganya mambo matatu. Kutokwenda kituoni ni kukosa. Kuchora ovyo ni kuharibu. Kuweka X kwenye kisanduku hicho ni kura halali inayohesabiwa, na ina meno: ikiwa hakuna mgombea wa jimbo aliyezidi idadi ya "sichagui yeyote", uchaguzi wa jimbo hilo hurudiwa, na wagombea walioshindwa na kisanduku kitupu hawaruhusiwi kusimama tena katika marudio hayo.

Simu unaweza kuwa nayo mfukoni, na kupiga picha nje ya kituo hakuna shida. Vijana hufanya hivyo kila mara. Kupiga picha karatasi uliyoweka alama ni kosa la jinai. Sababu ni ile ile ya mioyo: picha ni risiti, na mnunuzi hulipa akiona risiti. Fulana yenye namba ya mgombea nayo uiache nyumbani.

Usiku wa mbwa kulia

Usiku wa kuamkia kura una jina lake la mtaani, *khuen ma hon*, usiku wa mbwa kulia. Vijijini ndio usiku ambao wapambe wa wagombea, wanaoitwa *hua khanaen*, "vichwa vya kura", hupita mlango kwa mlango na noti mkononi, na mbwa wa kijiji wakinusa wageni gizani huanza kulia mmoja baada ya mwingine. Mpambe mara nyingi si jambazi wa kutoka mbali. Ni mtu anayejulikana: mwenye duka, fundi, ndugu wa mzee wa kijiji, aliyekukopesha mbegu mwaka jana. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu noti inakuja imefungwa ndani ya undugu.

Ukilijua hilo, sheria za saa 24 za mwisho zinaeleweka. Kuanzia saa 12 jioni siku moja kabla hadi siku ya kura iishe, kampeni ni marufuku, ikiwemo ya mtandaoni. Kuanzia saa hiyo hiyo hadi saa 12 jioni ya siku ya kura, kuuza, kugawa au kuandaa karamu ya pombe katika eneo la uchaguzi ni kosa: kifungo kisichozidi miezi 6, faini isiyozidi baht 10,000, au vyote. Pombe ilikuwa sarafu ya pili ya wapambe baada ya noti. Zamani marufuku ilifika usiku wa manane. Sheria ya 2018 iliipunguza. Inahusu hoteli na watalii pia, na hurudiwa wikiendi ya kura ya mapema, ndiyo maana mwaka 2023 baa zilipoteza Jumamosi mbili. Chaguzi za mitaa nazo zina marufuku yake. Mfanyabiashara wa vito aliyepeleka tanzanite Bangkok au Chanthaburi anunue maji tu, na akumbuke jambo moja zito zaidi ya bia: mgeni haruhusiwi kumsaidia mgombea kampeni kwa namna yoyote.

Kubeba wapiga kura bure kwenye pikapu la mgombea ni kosa pia. Kuweka dau juu ya mshindi ni kosa. Matokeo ya kura za maoni hayatangazwi katika siku 7 za mwisho hadi vituo vifungwe. Anayenunua kura anakabiliwa na kifungo cha mwaka 1 hadi 10 na kunyimwa haki za uchaguzi miaka 20. Anayepokea naye ana kesi.

Wakati mwingine kufuli hunasa asiyehusika. Watanzania wanaikumbuka takrima, ule "ukarimu" wa wagombea uliowahi kuhalalishwa na sheria hadi Mahakama Kuu ilipoufuta mwaka 2006. Thailand imekwenda upande wa pili kabisa. Kuanzia siku 180 kabla ya muhula wa bunge kwisha, au tangu siku bunge linapovunjwa, mwanasiasa anaweza kuhudhuria harusi au msiba lakini asitoe bahasha. Katika jamii ambako kwenda msibani mikono mitupu ni aibu, hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Mwaka 2019 mgombea wa Pheu Thai aliyeshinda jimbo la 8 la Chiang Mai alisimamishwa na Tume ya Uchaguzi kwa sababu alimpa mtawa sadaka ya baht 2,000. Alipewa kile kinachoitwa kadi ya chungwa, kama ya mpira: njano hurudisha mchezo, nyekundu hukutoa nje, na ya chungwa hukuweka benchi mwaka mmoja. Uchaguzi ulirudiwa bila yeye na chama kingine kikachukua kiti. Baadaye Mahakama ya Juu ikamwona hana hatia. Kiti hakikurudi.

"Usipopiga kura unatozwa faini"

Si kweli, ingawa utaisikia hata kwa Wathailand wenyewe. Katiba inaita kupiga kura wajibu, lakini hakuna faini wala jela. Asiyepiga bila kutoa sababu hupoteza baadhi ya haki za kisiasa kwa miaka 2: hawezi kugombea ubunge, udiwani au useneta, hawezi kuwa mkuu wa kijiji wala kata, hawezi kuwasilisha pingamizi la uchaguzi. Haki ya kupiga kura uchaguzi ujao anabaki nayo. Kwa mfanyakazi wa kiwandani adhabu hiyo ni kama kunyang'anywa mwavuli wakati wa kiangazi. Kwa anayewania ukuu wa kijiji ni msumari.

Kuikwepa ni rahisi. Unapeleka taarifa ya sababu ndani ya siku 7 kabla au siku 7 baada ya kura, kwa kufika ofisini, kwa barua ya rejista au mtandaoni. Ugonjwa, uzee, safari ya dharura, kuwa nje ya nchi, au kuishi zaidi ya kilomita 100 kutoka kituoni, vyote vinakubalika.

Aliyeshinda si lazima atawale

Saa 11 jioni kituo kikifungwa, kura huhesabiwa pale pale, hadharani. Ofisa huinua kila karatasi, husoma namba kwa sauti, na mwenzake huchora vijiti ubaoni, vinne wima na cha tano kuvikata. Yeyote anaweza kusimama na kutazama, na siku hizi watu wa kujitolea hupiga picha mbao hizo ili kulinganisha na jumla itakayotangazwa. Tume ina hadi siku 60 kuthibitisha matokeo, na muda huo mrefu ndio unaozaa uvumi mwingi.

Lakini mkanganyiko mkubwa wa 2023 ulikuja baada ya hapo. Wananchi hawamchagui waziri mkuu. Wabunge ndio wanaomchagua, miongoni mwa majina ambayo vyama vyenye viti angalau 25 viliyatangaza kabla ya uchaguzi. Move Forward iliongoza kwa viti 151, ikaunda muungano wenye wabunge zaidi ya 300 kati ya 500. Popote pengine hesabu ingeishia hapo. Ila ibara ya mpito ya katiba ya 2017 iliwapa maseneta 250, walioteuliwa na utawala wa kijeshi, haki ya kupiga kura hiyo pamoja na wabunge. Julai 13, 2023, kiongozi wa Move Forward, Pita Limjaroenrat, alipata kura 324 na kukwama, kwa sababu wingi uliotakiwa ulikuwa wa mabaraza mawili kwa pamoja. Mwezi uliofuata Srettha Thavisin wa Pheu Thai, chama cha pili, akawa waziri mkuu.

Ibara hiyo ilikwisha muda Mei 2024. Seneti ya sasa ina watu 200 waliochaguana wenyewe kwa wenyewe kutoka makundi 20 ya kitaaluma na kijamii, Juni 2024, na haina sauti katika kumpata waziri mkuu. Paetongtarn Shinawatra, aliyepata kura 319 Agosti mwaka huo, alikuwa waziri mkuu wa kwanza chini ya katiba hii kuchaguliwa na wabunge peke yao.